Niliyosema Columbus Mbele ya Wabunge

Sheria ya leseni ya kusuka nywele ilikuwa ya kipumbavu, na sitaomba radhi kwa kusema hivyo. Naanza na hilo mtu asije akadhani aibu yangu inatokea huko. Pale Louisville, ukitaka kusuka kichwa cha mtu kwa malipo, jimbo lilikudai usome chuo cha urembo masaa na masaa, ujifunze kukata kwa mkasi, kupaka rangi, kutia dawa za kulainisha, mambo ambayo msusi hayagusi. Msuko wa twende kilioni hawakufundisha. Rasta hawakufundisha. Mimi nimesuka tangu mikono yangu haijatosha kushika kichwa cha mtu mzima, kambini Tanzania, kwa uzi mweusi na kitana cha mbao. Shule niliishia darasa la tatu. Sasa niende nikakae dawatini na wasichana, nifundishwe nywele na mtu ambaye akiona kichwa cha Mwafrika anashtuka?

Sikwenda. Nilisuka sebuleni kwangu, kisha nikapanga chumba kidogo cha duka, nikaweka viti viwili na kioo kirefu. Nilisuka mpaka vidole vikawa havinyooki asubuhi. Siku moja mkaguzi wa bodi ya leseni akaingia, akatazama ukutani kutafuta leseni, akakuta kalenda ya kanisa. Akaniandikia karatasi ya kufunga. Wateja wawili walikuwa vitini, mmoja nusu kichwa. Nikamwambia yule mkaguzi, "Huyu atoke hivi?" Akasema sheria ni sheria. Mteja akatoka hivyo hivyo, amefunga kilemba.

Ndipo watu wa taasisi wakanipata. Hapa Marekani kuna taasisi ambazo kazi yao ni kufikiri na kusukuma sheria. Hawauzi kitu, hawagombei kiti. Wanakaa ofisini wanaandika, halafu wanakwenda kwa wabunge wa jimbo na kuwaambia: serikali imenenepa, ipunguzeni. Aliyekuja kwangu alikuwa bwana wa makamo, mrefu, na nitakuwa mwongo nikisema alikuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai yangu ya tangawizi mpaka kwenye majani, akanisikiliza kuliko mchungaji wangu anavyonisikiliza. Mwisho akasema, "Mama, wewe ukisimama mbele yao, hii sheria inaanguka."

Waliniandikia ukurasa mmoja kwa Kiingereza chepesi. Kiingereza changu ni cha saluni: kaa hapa, inamisha kichwa, inauma? Nikaukariri ule ukurasa wote nikiwa nasuka.

Hapo lazima nieleze jambo, maana ndilo lililoniponza. Mtu aliyepita kambini anajua kitu kimoja kuhusu serikali, nacho ni faili. Ukihojiwa leo na ukahojiwa tena mwakani, maneno yawe yale yale. Ukiongeza mtoto, ukipunguza mwaka, ukisema kaskazini badala ya kusini, faili linarudi chini ya rundo na wewe unabaki kambini. Kwa hiyo tulijifunza kukariri. Hatukuuliza kama neno ni zuri au baya. Tuliuliza kama ndilo lililo kwenye faili. Mimi nilikuwa hodari wa hayo mpaka wenzangu walikuwa wanakuja kwangu niwanoe kabla ya mahojiano, na nilijivuna.

Basi nilikwenda mji mkuu wa jimbo, mwendo wa saa moja hivi kwa gari lao, nikasema ukurasa wangu bila kukwama. Wabunge walitikisa vichwa kukubali. Sheria ilibadilishwa. Siku niliyofungua tena duka niliacha mlango wazi kutwa, baridi ikiingia, wateja wakilalamika, ili kila mpita njia anione ninasuka. Hiyo ilikuwa haki yangu na niliila.

Sasa nimlete mwenzangu. Tulitoka naye kambi moja, tukaja mwaka mmoja, wakatupangia Louisville jengo moja, mlango unatazama mlango. Alinizidi miaka miwili. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo na yeye aliitika huku anacheka, "Marahaba, bosi," kwa sababu alisema natembea kama mwenye jengo. Alikuwa mjane kama mimi. Nyonga yake ya kushoto iliharibika kambini kwa kubeba kuni, na kila mwaka ilizidi.

Tulipofika tulipewa kadi za chakula, za msaada wa serikali, wote. Yangu ilipoisha muda nilikwenda ofisini kuihuisha. Msichana wa dirishani akaniambia karatasi hazijatimia, nirudi, kwa sauti ya kumfukuza mbwa. Nikaapa sirudi. Nilitoka pale nimenyoosha shingo, na nyumbani hakuna hata chumvi. Majira yale yote ya baridi, nilipokuwa naanza kusuka na wateja ni watatu kwa wiki, nilikula kwa mwenzangu. Hakunialika hata siku moja. Aligonga mlango kwa kijiko tu, nikavuka ukumbi, nikakuta maharage na ugali na sahani mbili. Alinunua vyote kwa kadi yake. Nikimwambia asante alisema, "Kula, bosi, una vichwa vya kusuka."

Baadaye alihamia Columbus, mji mkuu wa jimbo jirani, kwa kaka yake, aliyekuwa anafanya kazi ya ghala na alikuwa na chumba cha chini. Tulibaki tunapigiana simu kila Jumapili baada ya ibada.

Kisha taasisi ya Columbus, dada wa ile ya kwetu, ikaniomba. Yule bwana mrefu ndiye aliyekuja kuniambia. Safari hii si nywele, alisema, ni muswada mwingine wa namna ile ile, wa kuiondoa serikali kwenye maisha ya watu. Mtu mzima mwenye nguvu, aliye chini ya miaka hamsini, asiye na mtoto mdogo, afanye kazi masaa fulani kila wiki au kadi ya chakula ifungwe. Akaniuliza, "Wewe ulipoanzisha biashara, ulikuwa na kadi?" Nikasema sikuwa nayo. Macho yake yaling'aa. Akaniuliza kama nawajua wengine tuliokuja nao, wao ikawaje. Nami, mdomo wangu huu, nikamwambia ninaye rafiki. Nilikuwa nasuka, naongea tu, nataka kuonekana. Nikasema yeye kadi anayo mpaka leo. Akaandika.

Ukurasa ulipokuja, rafiki yangu alikuwa ndani. Nilimsoma pale na sikumwona. Niliona faili.

Tena kwa ujinga wangu nilimpigia simu. "Njoo unione naongea na serikali," nikamwambia. Alifurahi kuliko mimi. Asubuhi ya kikao alipanda mabasi mawili, akaja jengo la wabunge amevaa kitenge chake cha harusi ya binti yake, akaketi safu ya nyuma. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na bei.

Nikaitwa. Nikasema ukurasa. Nilijenga biashara yangu kwa mikono hii, bila kadi ya chakula. Ningekuwa na kadi, pengine ningelala. Nina rafiki niliyetoka naye kambini, siku moja tulianza sawa. Yeye kadi anayo mpaka leo, na mpaka leo hajaanzisha kitu.

Nilipofika pale pa rafiki, shingo yangu iligeuka yenyewe nyuma. Wabunge nao wakafuata macho yangu. Mwenzangu akadhani namtambulisha. Akasimama, polepole kwa ajili ya nyonga, akaweka mkono kifuani akawainamia, kama tulivyozoea wageni wakubwa walipotembelea kambi. Watu wakatabasamu. Mbunge mmoja mama wa mwisho wa meza akampungia mkono. Yeye akampungia, akaketi.

Nikamaliza ukurasa. Makofi.

Nje kwenye ukumbi alinishika mikono yote miwili. "Wamekupigia makofi, bosi! Ulisema nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza nilichosema, maana Kiingereza nilikuwa nimekikariri, ila Kiswahili ndicho ninachokisikia.

"Habari za saluni," nikasema.

"Saluni tu? Na pale uliponigeukia?"

"Nilisema nina rafiki."

"Ukasemaje?"

"Kwamba tulitoka mbali."

Akacheka. "Kweli tulitoka mbali. Na mimi nimewasalimia. Wanaona watu wetu wana adabu."

Yule bwana akaja kunichukua. Kulikuwa na chakula cha mchana nyumbani kwa mfadhili wao mtaa wa Clintonville, nyumba ya matofali yenye maua barazani. Hakumkataa mwenzangu, maana mimi sikumwomba. Nilimwambia mwenzangu, "Hawa watu ni wa kazi, nitakupigia." Nikapanda gari. Nilimwona kwa kioo anavuka barabara kwenda kituo cha basi, kitenge kinaburuza upande wa nyonga mbaya. Huko nilikula samaki wa rangi ya waridi na nikaambiwa mimi ni mfano. Nilirudia sahani mara mbili.

Sheria iliyotoka haikuwa ile ile niliyoisemea. Ilikatwa, ikaungwa na nyingine, na yule bwana mwenyewe alisema siasa ni supu. Kwa hiyo siwezi kusema ni maneno yangu yaliyomfikia mwenzangu. Ninachojua ni kwamba barua ilimfikia, na mtu wa kwanza aliyempigia alikuwa mimi.

"Bosi, wewe unajua kuongea na serikali. Wanasema nifanye kazi au kadi inafungwa."

"Si una miaka karibu sitini wewe? Hiyo haikuhusu."

"Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Kwenye makaratasi alikuwa na miaka arobaini na saba. Na aliyempunguzia ni mimi. Kambini ulipita uvumi kwamba Wamarekani wanachukua wenye nguvu za kufanya kazi, wazee wanaachwa. Usiku wa kuamkia mahojiano yake nilimwambia, toa miaka kumi na miwili, na ukiulizwa ugonjwa sema huna. Alikariri. Alipita. Tulishangilia.

"Nikiwaambia umri wa kweli," alisema kwenye simu, "watasema nilidanganya. Watanirudisha."

Ningeweza kumwambia tutafute mwanasheria, wapo wa bure, kanisani wanajulikana. Ningeweza kumwambia daktari aipige picha ile nyonga. Nilimwambia nini? "Usibadilishe faili." Mara ya pili katika maisha yake namwambia hivyo, na mara ya pili alinisikiliza.

Kaka yake alimtafutia kazi ghalani, kupanga maboksi. Alikaa siku tatu. Siku ya nne hakuweza kushuka kitandani. Kadi ikafungwa. Jumapili mbili nikapiga simu, haikupokelewa. Jumapili ya tatu alipokea binti yake, yule anayeishi Buffalo.

"Mama mdogo, mama yuko kwangu sasa. Hawezi kuongea."

"Anaumwa?"

"Hapana. Mama mdogo, nimeona video yako ya Columbus. Wameiweka kwenye mtandao. Nimemtafsiria."

Yeye hakukata simu. Nikasikia katuni za watoto kwa nyuma, watoto wanazozana kwa Kiingereza. Mwishowe mimi ndiye niliyekata.

Nilipanda basi kwenda Buffalo. Kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu, wala huendi peke yako. Unabeba kinywaji na unakwenda na mtu wa kukusemea, kwa sababu aliyekosa mdomo wake hauaminiki. Wakikifungua kinywaji, mmepatana. Mtu wa kunisemea sikuwa naye, maana ningelazimika kwanza kumweleza. Nilishuka nikaenda mtaa wa Grant Street, kwenye duka la Mkongo mmoja linalouza unga wa muhogo na dagaa, nikanunua kreti ya soda. Nikamwonyesha anwani, akanijibu kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa.

"Bon, mama, unatafuta ule mama wa kuchechemea? Iko anaikala pale nyuma, nyumba ya kijani. Donc wewe ni ndugu yake?"

"Tulitoka pamoja," nikasema.

"Ah, basi atafurahi sana."

Mlango aliufungua mwenyewe. Alikuwa amekonda usoni. Nikavuta pumzi nimwamkie, naye akaniwahi. Alipiga goti kidogo, lile la adabu, kwa mguu ule mbovu.

"Shikamoo, dada."

Binti yake alikuwa nyuma yake, akacheka akidhani ni utani. "Mama, si wewe ndiye mkubwa?"

"Makaratasi ya serikali yanasema mimi mdogo," alisema, macho yako kwangu. "Na huyu ndiye anayeongea na serikali. Shikamoo, dada."

Alibaki amepiga goti. Angeanguka. Nikaitika, "Marahaba." Nimewahi kufanya mambo mengi mabaya, lakini nikiamka alfajiri neno linalonikaa ulimini ni hilo.

Ndani niliweka soda sakafuni. Alikaa kwenye kiti kigumu, kochi lilimshinda. Nikaanza, unajua, sikukusudia, yule bwana ndiye aliyeandika.

"Sikuuliza nani aliandika. Binti yangu amenitafsiria, lakini yeye Kiswahili chake kimechanganyika. Nataka kukisikia kwako. Yaseme. Yote."

"Sasa?"

"Uliyasema mbele ya watu wengi. Mimi mmoja unaniogopa?"

Nikayasema. Kwa Kiswahili ukurasa ule ni mfupi sana, hauzidi dakika mbili. Nilisema pale pa kulala. Nilisema pale pa rafiki. Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi, akaingia ndani taratibu, akafunga mlango.

Mwenzangu alitazama mikono yake. "Nilisimama," akasema. "Nikawainamia."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaniona."

"Nilikuona."

"Yale majira ya baridi, ulikula wapi?"

"Kwako."

"Kwa kadi ya nani?"

"Ya kwako."

"Hilo uliwaambia?"

"Hapana."

"Kawaambie."

Nilisema kikao kilishapita, wabunge wale wengine wamekwishatoka, hakuna wa kumwambia. Nilisema nitamsaidia mwenyewe, kila mwezi, mimi duka langu linakwenda. Akainua mkono kuninyamazisha. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Chakula nakula, binti yangu ananilisha. Sikukufungulia mlango kwa chakula. Na mimi pia nilikubali kutoa miaka, hilo silikupi peke yako. Nasema kawaambie. Hizo soda zichukue. Siku ukishawaambia, zilete, tutakunywa."

Niliondoka na kreti. Ilikuwa nzito, na binti yake alitaka kunibebea mpaka kituoni, nikamkatalia. Mkongo wa dukani aliponiona narudi nayo alijua maana yake. Alianza kupanga mikebe iliyokuwa imepangika.

Louisville nilikaa siku nne bila kupiga simu. Nilijiambia nina wateja, na kweli nilikuwa nao. Siku ya tano, mchana, mteja mmoja aliyekuwa kitini alikwenda kunawa mikono, nikampigia yule bwana. Alifurahi kusikia sauti yangu, akauliza duka, akauliza vidole vyangu, alikumbuka vidole. Nikamwambia, ule ukurasa wa Columbus hauko sawa. Nataka urekebishwe. Nataka video itolewe.

Alinisikiliza kama kawaida yake. Kisha akauliza kwa upole, bila mtego wowote, ninaamini hivyo hadi leo, kwa sababu alikuwa mtu wa karatasi na alitaka kujua aweke alama wapi. "Mama, neno lipi halikuwa kweli? Ulikuwa na kadi ulipoanza?"

"Sikuwa nayo."

"Rafiki yako alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Ameanzisha biashara?"

"Hapana."

"Basi nionyeshe neno, tutalirekebisha leo hii."

Nikatafuta. Nilitaka kumwambia habari za kijiko mlangoni, za sahani mbili, za miaka kumi na miwili. Lakini ya miaka nisingeweza kuitaja bila kumchongea kwa serikali, na ya sahani mbili ingenitoa kwenye ule mfano na kuniweka pale alipokuwa yeye, safu ya nyuma. Nina hakika Kiingereza changu kingetosha. Kijiko nakijua, sahani naijua, rafiki alinilisha nalijua. Maneno matatu tu yalihitajika. Mteja alikuwa amerudi, amekaa, anajitazama kwenye kioo upande uliosukwa na upande usiosukwa.

Nikamwambia hakuna neno. Nikamwomba radhi kwa kumsumbua, naye akanialika kwenye chakula chao cha mwaka. Nikasema nitaangalia.